Mgeni Mwekundu wa Noeli: Mwongozo wa Kumpokea Moto Gety

Kila mwaka, wiki ya mwisho ya Desemba, nyumba za Gety, hapa Ituri, mashariki ya Kongo, hujaa wageni. Wengine wanafika kwa pikipiki kutoka Bunia, kiasi cha kilomita 60 za vumbi, kuku akining'inia kwenye usukani na mfuko wa mchele umekaa mapajani. Wengine wanakuja kwa miguu kutoka Aveba. Wengine wanapanda kutoka upande wa ziwa na samaki wa kukaushwa, harufu yao ikitangulia kubisha hodi. Wote hao tunawajua kwa majina. Tunajua nani atalala wapi, nani hali mbuzi, nani hapendi kuketi karibu na shemeji yake.

Yuko mgeni mmoja ambaye hufika kabla ya wote na kula kuliko wote, haondoki karibu na sufuria hata dakika moja, na bado hakuna anayeketi chini kupanga namna ya kumpokea. Mgeni huyo ni moto. Mwongozo huu ni wake yeye, na ni wa akina mama, akina dada na vijana watakaokesha naye usiku wa tarehe 24, kisha tena usiku wa Bonane, wa kuamkia Mwaka Mpya.

Ninamwita mgeni kwa sababu ana tabia za mgeni. Ukimpa kiti chake, chakula cha kiasi na mtu wa kukaa naye, atakupikia sherehe nzima kwa adabu. Ukimwacha peke yake na ghala wazi, atakula mpaka nguzo.

Majira anayokuja

Mvua zetu huanza kuachia mwishoni mwa Novemba. Ikifika Noeli kiangazi kimeshika. Mihogo iliyoanikwa juu ya mwamba inakauka kwa siku chache, na nyasi za paa, zile ambazo mwezi wa kumi zilikuwa na unyevu hata saa sita mchana, sasa ukizikunja kwa vidole zinavunjika na kulia kama bisikuti. Juu ya milima watu wanachoma majani ili mapya yaote kwa ajili ya mifugo, na upepo wa alasiri unaleta vipande vyeusi vya majani yaliyoungua mpaka uani kwetu. Ni wakati huo huo sisi tunawasha majiko matatu, kwenye uwanja ambao siku za kawaida una jiko moja.

Anayedhani nyasi za paa zitampa nafasi ya kufikiri aangalie upande wa Uganda. Makaburi ya wafalme wa Buganda pale Kasubi, Kampala, yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Jumba lake kuu, Muzibu Azaala Mpanga, lilikuwa na paa la nyasi la kustaajabisha, kazi ya mikono ya watu waliorithishana ufundi huo. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliliteketeza, na hapo ni ndani ya mji mkuu wenye magari ya zimamoto na maji ya bomba. Kulijenga upya kulichukua zaidi ya miaka 10. Sisi hapa hatuna gari la kuliita. Ushindi wetu dhidi ya moto unapatikana kabla haujashika paa, au haupatikani.

Kuna pia jambo lingine, ambalo kila mtu wa eneo letu la Walendu Bindi analibeba moyoni hata kama halitaji mezani. Nyumba nyingi za hapa si za kwanza kusimama pale zilipo. Vita vya Ituri vilichoma vijiji upande huu na upande ule. Mwaka 2006 maelfu ya watu waliokimbia mapigano walijazana Gety, vibanda vya nyasi na turubai vikiwa vimesongana, mtu akikohoa jirani anamwambia pole bila kuinuka. Tarehe 28 Februari 2020 serikali na kundi la wapiganaji la FRPI walitia saini makubaliano ya amani hapa hapa Gety. Watu wakapumua kidogo, wakakata miti tena, wakakanda udongo tena, wakaezeka tena. Mtu aliyejenga nyumba mara mbili au tatu katika maisha yake, na mara zote kwa mikono yake na ya watoto wake, nyumba hiyo haifai kumponyoka kwa sababu ya sufuria ya mandazi. Ndiyo maana ninaandika.

Kiti chake

Majiko ya ziada yote yakae nje, mahali wazi, si chini ya baraza wala nyuma ya nyumba palipo na kivuli kizuri. Simama uani mchana wa tarehe 23, saa ambayo upepo unavuma, utupe juu majivu kidogo ya mkononi uone yanakokwenda. Huko yanakokwenda ndiko cheche zitakakokwenda. Kama ni kwenye paa lako au la jirani, hamisha jiko upande wa pili. Fagia ardhi hatua mbili au tatu kila upande mpaka ibaki udongo mtupu. Chimba shimo la kina cha kiganja, weka mafiga ndani yake, na upande unaotoka upepo jenga ukuta mfupi wa matofali mabichi au mawe. Kazi yote haimalizi saa moja, na kuni nazo zitapungua kwa sababu moto uliokingwa haupotezi joto.

Kuni zikatwe fupi. Kwa haraka ya sikukuu tunasukuma gogo zima kwenye mafiga, nusu yake imelala njiani kama mguu wa mlevi. Mtoto anapita mbio, anaikwaa, gogo linasukuma sufuria, na uji wa moto unamwagika juu ya yule aliyeketi chini. Ukiona kuni imetoka nje ya mafiga zaidi ya urefu wa mkono, ikate. Kuni za mikaratusi zinapasuka na kurusha cheche, kwa hiyo zisitumike ndani ya jiko la nyasi. Na kuni mbichi zisianikwe kwenye ukingo wa mafiga ili zikauke usiku. Zikikauka zitawaka, mtu awepo asiwepo.

Sasa ingia ndani ya jiko lenyewe, lile la kila siku, uinue macho. Juu ya mafiga pana uchaga tunapokaushia mahindi ya mbegu, nyama, wakati mwingine vikapu. Juu ya uchaga pananing'inia masizi. Yaguse. Yale ya pembeni ni makavu kama unga, lakini yale ya juu ya moto yanang'aa na kunata vidoleni, kwa sababu moshi wa mafuta umeyapaka mwaka mzima. Huo ni utambi. Ulimi mmoja mrefu wa moto ukiufikia, utapanda nao mpaka kwenye nyasi. Kwa hiyo kabla ya Noeli, mafiga yakiwa yamepoa, funga kitambaa puani, chukua fagio la mti mrefu uyaangushe yote. Shusha vikapu, maganda ya mahindi, magunia na kila kisichohitaji kuwa pale. Mbegu zihamie ndani ya nyumba kwa wiki mbili. Mwenye kipande cha bati kuukuu, manjanja kama tunavyosema, akining'inize kwa waya juu ya mafiga, kikiacha nafasi ya kiganja kati yake na nyasi, maana bati likigusa nyasi linazipasha joto lile lile. Asiye na bati akandike upande wa ndani wa paa kwa udongo. Wazee walifanya hivyo na walijua sababu.

Mbabula, jiko la makaa, inakaa juu ya udongo au jiwe bapa. Juu ya mkeka au meza hapana, na juu ya turubai hapana kabisa. Kwa familia ambazo bado zinaishi kwenye vibanda vya turubai na majani, ushauri wangu ni mmoja: pikeni pamoja. Familia tano, jiko moja kubwa nje ya safu ya vibanda, watu wazima wawili zamu. Moto mmoja unaoangaliwa na macho kumi ni salama kuliko mioto mitano ambayo kila mmoja una jicho moja lenye usingizi.

Kabla sijatoka kwenye mbabula. Huku milimani alfajiri ya Desemba ni baridi, na wageni kutoka Bunia hawajaizoea. Wamelala kumi kwenye chumba kimoja, mtu mwenye huruma anawaingizia mbabula yenye makala mekundu, anafunga mlango. Usifanye hivyo, hata kwa dakika chache, hata kama makala hayatoi moshi. Makala yakiungua mahali pasipo hewa yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta hakohoi wala hashtuki, anahisi kichwa kizito, halafu usingizi unamchukua moja kwa moja. Wape blanketi, vikwembe, magunia, wabanane. Mbabula ilale nje.

Asichopewa

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ilikuwa jioni ya tarehe 24, kwaya inafanya mazoezi ya mwisho kanisani, na shangazi yangu anakaanga mandazi kwenye sufuria pana iliyojaa mafuta karibu na ukingo. Wageni wakafika. Akatoka kuwasalimu, na salamu za kwetu si za neno moja: habari za njia, za wagonjwa, za mashamba. Ndani, mafuta yakaanza kutoa moshi mwembamba, halafu moshi mzito, halafu uso wa mafuta ukashika moto wenyewe bila kuguswa na chochote. Binti yake mkubwa alikuwa karibu. Alifanya ambalo mtu yeyote angefanya. Alichota kopo la maji akamwaga.

Ile sauti bado ninayo masikioni. Ilikuwa kama mtu anararua kikwembe kipya kwa nguvu. Moto ukasimama kama nguzo kutoka kwenye sufuria mpaka kwenye uchaga, ukazunguka chini ya paa, na kabla kwaya haijamaliza ubeti nyasi zote zilikuwa zinawaka. Hakufa mtu. Lakini mkono wa dada yangu huyo, kutoka kwenye kiwiko mpaka vidoleni, una ngozi iliyokunjamana mpaka leo, na kila Noeli anavaa mikono mirefu.

Sababu ni rahisi, na kila mpishi anapaswa kuijua. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo yanazama chini ya sufuria. Huko chini yanakuta joto linalozidi sana lile la maji kuchemka, yanageuka mvuke papo hapo, na maji yakigeuka mvuke yanataka nafasi kiasi cha mara 1,700 ya ile yaliyokuwa nayo. Mvuke unaruka juu ukibeba mafuta yanayowaka kwa matone madogo madogo, na kila tone linakutana na hewa.

Kwa hiyo sufuria ya kukaangia isijazwe zaidi ya theluthi moja. Kifuniko chake kikae pale pale mkononi, kifuniko cha bati au sufuria nyingine bapa, kabla hujawasha moto. Mandazi na samaki vipanguswe maji kabla ya kuzama. Mafuta yakianza kutoa moshi, huo ndio ujumbe wao wa mwisho: toa kuni, au ondoa makala kwa koleo, usubiri. Yakishika moto, funika taratibu ukisukuma kifuniko kutoka upande wako kwenda mbele, ondoa kuni, kisha usifunue. Usifunue hata baada ya dakika kumi. Watu wengi wamezima moto vizuri, wakafunua kutazama, ukawaka tena. Na usibebe sufuria inayowaka kwenda nje. Anayekimbia nayo anarudishiwa miali usoni na upepo, mikono inamwachia, na mafuta yanamwagika miguuni mwake.

Kuna desturi yetu ya kupika mawese mekundu peke yake mpaka yapauke ndipo vitunguu viingie. Najua ladha yake na sitamwambia mtu aiache siku ya sikukuu. Ila kazi hiyo ifanyike nje, kwa moto mdogo, mpishi akiwa amesimama juu yake na kifuniko mkononi, kwa sababu kati ya mafuta yanayopauka na mafuta yanayowaka hakuna safari ndefu.

Chakula kingine ambacho mgeni huyu asipewe ni esansi, yale mafuta ya pikipiki. Sikukuu inapofika, Kadhafi, muuza mafuta wa njiani, anapanga chupa zake, na esansi na petroli ya taa vinakaa kwenye chupa zinazofanana, wakati mwingine zile zile zilizobeba maji ya kunywa. Petroli ikichanganywa na esansi, taa ya utambi inaweza kulipuka usoni mwa anayeiwasha. Nunua petroli mchana, kwa mtu unayemfahamu, weka alama ya kitambaa kwenye chupa, na iwekwe mbali na mkono wa mtoto na mbali na jiko. Kuni zikikataa kuwaka, zivumilie. Vuvia, ongeza vijiti vikavu na maganda ya mahindi. Usimwagie esansi hata kifuniko kimoja cha chupa: hewa yake inatambaa chini, inakuta kaa ambalo hukuliona, na moto unakurudia kupitia mkono ule ule ulioshika chupa. Nchi yetu inalijua hili kwa uchungu. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka Sange, Kivu ya Kusini, jioni ambayo watu walikuwa wamekusanyika kutazama mpira wa Kombe la Dunia. Zaidi ya watu 200 waliungua wakafa. Esansi iliyomwagika haikuchagua kati ya waliokuja kuichota na waliokuwa wanatazama mpira.

Vivyo hivyo grupu, jenereta ya muziki. Mtu anaijaza mafuta ikiwa inanguruma, imeegemea ukuta wa jiko, ili wimbo usikatike. Wimbo ukatike. Zimeni, ipoe robo saa, ijazwe, ndipo muendelee kucheza.

Na lutuku, pombe kali ya kienyeji. Sitamhukumu anayeipika, ada za shule za watoto wengi zimetoka kwenye pipa hilo. Lakini pipa la lutuku karibu na Noeli linafanya kazi usiku na mchana, na kinachotoka kwenye bomba ni kinywaji kinachoshika moto. Angalia maungio ya bomba yaliyozibwa kwa udongo au unga wa muhogo: ukiona yanafuka, ondoa kuni zote, subiri, ziba upya. Bidoni inayopokea tone kwa tone iwe mbali na moto kadiri bomba linavyoruhusu, na ikijaa iondolewe, isirundikwe na nyingine hapo hapo. Wale wanaopima ukali kwa kumwagia kidogo juu ya jiwe na kuwasha kiberiti, wapime mbali. Tena mwali wa pombe ni wa buluu hafifu, juani hauonekani. Nimeona mtu akinyoosha mkono kuchukua kikombe alichodhani kimezimika.

Mtu wa kukaa naye

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kule Marekani wana sikukuu ya Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba, siku ya bata mzinga na ndugu waliotoka mbali. Ndiyo siku inayoongoza mwaka mzima kwa mioto ya majikoni, katika nchi ya majiko ya umeme, ving'ora vya moshi darini na zimamoto wanaofika kwa dakika chache. Na kinachoongoza kuileta ni kwamba mpishi aliondoka. Alikwenda kufungua mlango, kupokea simu, kumbeba mtoto. Ni yale yale ya shangazi yangu.

Kwa hiyo kila moto uwe na mtu wake, kwa zamu, na zamu ipangwe mchana watu wakiwa na akili zao zote. Mwenye zamu hanywi, habebi mtoto, hatumwi dukani. Mgeni akifika, mwenye zamu anasalimia akiwa amekaa pale pale, na mgeni ndiye anayemfuata jikoni. Hakuna mkwe atakayekasirika kusalimiwa na mtu aliyeshika mwiko. Ikibidi kuondoka kabisa, anamwita mwingine kwa jina, anasubiri aketi, ndipo anainuka.

Na zamu hizi wanaume wazikae pia. Mama aliyeamka saa kumi alfajiri kusaga, akachota maji, akachinja kuku wanne, akaosha watoto kwa ajili ya misa ya usiku, huyo saa tano za usiku macho yake yamefunguka lakini hayaoni. Kumwachia mafuta ya moto ni kumuonea. Baba, kaka, shemeji: kaeni kwenye kigoda, mtazame moto. Hadithi za mwaka mzima mnaweza kuzipiga hapo hapo.

Watoto tuwachoree mpaka. Nyumbani tulikuwa tunamwaga majivu kwa duara kuzunguka jiko, hatua moja na nusu kutoka kwenye mafiga, na asiyefika bega la mama haruhusiwi kuvuka. Mtoto wa miaka mitatu haelewi neno hatari, lakini mstari mweupe anauelewa, tena anawashtaki wenzake wanaoukanyaga. Mpishi afunge kikwembe kiunoni kwa nguvu, ncha zisining'inie, na zile nguo za kung'aa za sikukuu azivae chakula kikiisha kuiva. Vitambaa vile vikishika moto vinayeyuka na kugandamana na ngozi.

Akikasirika

Kabla ya kuwasha chochote, weka karibu na kila jiko ndoo ya mchanga au udongo mkavu, bidoni mbili za maji na gunia la katani lililolowekwa. Mchanga na kifuniko ni vya mafuta na petroli. Maji ni ya kuni, nguo na nyasi. Anayekaa zamu aambiwe tofauti hiyo kwa mdomo, aikariri.

Nyasi za paa zikianza kuwaka mahali padogo kama sahani, gunia lililolowa linaweza kutosha. Zikiwaka mahali pakubwa kuliko mkeka, liacheni jiko. Watu watoke kwanza, wahesabiwe kwa majina, wazee na watoto wachanga waliolala wasisahaulike kwa sababu ya makelele. Maji yote yaelekezwe kwenye mapaa ya jirani, siyo kwenye lile linalokufa. Mti mrefu wenye ndoano, ule wa kuangulia maembe, utumike kuvuta nyasi za upande ambao moto bado haujafika. Asirudi mtu ndani kufuata mbuzi aliyekwisha chunwa.

Nguo ikishika moto mwilini, usikimbie. Lala chini, funika uso kwa viganja, viringika. Ukiona mwingine anakimbia, mwangushe umfunike kwa blanketi zito.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Ni muda mrefu, mkono wa anayemwaga utachoka, na mgonjwa atasema imetosha. Endeleeni, mkipokezana. Vueni pete na bangili kabla hajavimba. Nguo iliyonata kwenye ngozi isibanduliwe. Halafu funikeni kwa kitambaa safi, na kama ni mtoto, au ni uso, mikono, sehemu za siri, au jeraha limezidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa, mpelekeni hospitali usiku huo huo. Dawa ya meno, yai bichi, mafuta, majivu: hapana, hapana, hapana, hapana. Vinafungia joto ndani na kuingiza uchafu. Dada yangu alipakwa dawa ya meno kwa upendo mkubwa, na kule hospitali walitumia asubuhi nzima kuiondoa juu ya nyama iliyo wazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba majeraha ya moto yanaua watu 180,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi zenye kipato kama chetu, na wengi wameungulia nyumbani.

Kumsindikiza

Mgeni huyu haagi. Anajilaza chini ya majivu, anavuta shuka jeupe, anangoja mlale.

Mwaka 1666, mji wa London uliungua siku nne, na moto ulianzia kwenye nyumba ya mwoka mikate, Thomas Farriner, katika njia ya Pudding Lane, usiku wa manane kuamkia tarehe 2 Septemba. Kiangazi kilikuwa kikavu, upepo mkali, nyumba za mbao zimesongana. Ziliteketea nyumba 13,200 hivi na makanisa 87. Farriner alishikilia kwamba alikuwa amezima tanuri lake kabla ya kulala. Nami ninaamini kwamba yeye mwenyewe aliamini hivyo, kwa kuwa kila mtu aliyechoka huamini hivyo. Kaa lililofunikwa na majivu linaweza kuishi mpaka asubuhi, na sisi tunalijua vizuri, maana ndilo tunalolitumia kuwashia moto wa chai.

Basi usiku wa Noeli na usiku wa Bonane tusihifadhi kaa. Kiberiti kipo, na jirani yupo. Tandaza makaa kwa mti, mwagia maji, koroga, mwagia tena. Majivu yasitupwe kwenye shimo la takataka lenye majani makavu, wala yasiwekwe kwenye ndoo ya plastiki kando ya ukuta.

Mama yangu alikuwa na njia yake. Wageni wote wakishalala, alichuchumaa mbele ya mafiga, akaweka mgongo wa mkono wake juu ya majivu, karibu bila kugusa, akausogeza polepole kama anayepapasa paji la uso la mtoto mwenye homa. Aliposikia joto alimwaga maji ya kikombe kimoja akatega sikio. Majivu yakisema chii, bado.

Usiku ule jiko la shangazi lilipoungua tulirudi nyumbani saa nane, nguo zetu zinanuka moshi, na jiko letu lilikuwa halijawashwa tangu mchana. Alichuchumaa hata hivyo. Mimi nilisimama mlangoni nikimshikia taa. Alimwaga kikombe cha kwanza, majivu yakalia. Cha pili, yakalia kidogo, upande wa nyuma, chini ya figa kubwa. Alilisukuma figa lile pembeni, akachokonoa kwa kijiti, akamwaga cha tatu, na hayakulia. Akafuta mkono kwenye kikwembe, akanyanyuka ameshika kiuno, akachukua taa mikononi mwangu.